Ubia wa Chungu Kimoja

Kiti nimekiona, asanteni, lakini sikai. Nilipokuwa kazini sikukaa, na tangu nistaafu ndio kabisa miguu inawasha. Wajukuu wangu kule Nangina huniambia, "Nyanya, tulia basi." Nyanya hatulii. Nikimaliza kupanga kuku napanga kuni, nikimaliza kuni naangalia barabara. Kwa hivyo nitazungumza nikitembea hapa mbele, na mwenye kizunguzungu afumbe macho.

Mmeniita niwaambie habari za ubia wa serikali na wafanyabiashara, na hiyo mnayoiita klasta. Nimeona picha mliyochora ukutani: miduara mitatu imeshikana, mmoja serikali, mmoja mwekezaji, mmoja wananchi. Imependeza. Mimi nilikuwa afisa utalii huku mpakani tangu nywele zikiwa nyeusi, na kazi yangu yote ilikuwa hapo katikati, miduara inaposhikana. Hapo katikati pana joto, vijana wangu. Kila mtu akikosea anamgeukia aliyesimama hapo.

Kwanza mwelewe mahali penyewe. Hakuna mtu anayekuja Malaba. Watu hupita Malaba. Dereva wa trela ana haraka, turniboi wake ana haraka, ajenti wa forodha ana haraka kuliko wote wawili. Zamani angalau foleni ilikuwa inawalaza watu hapa, na wenye nyumba za kulala wageni walikula vizuri. Ilipokuja ile ofisi moja ya nchi mbili, ambapo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia kwenye jengo lilelile, wafanyabiashara walishangilia na wenye vitanda wakalia. Mgeni akija asubuhi, chai ya saa nne anainywa Tororo. Sasa wewe mwambie mtu wa namna hiyo asimame aangalie vilima vya Samia!

Ndipo tukaanza kufikiria kuunganisha. Mgeni anayetoka maporomoko ya Mlima Elgon upande wa Uganda avuke Malaba, alale Teso usiku mmoja asikie adeudeu, kile kinubi chao, kesho ateremke Funyula apande vilima, jioni ale samaki Sio Port. Hakuna kituo hata kimoja hapo kinachoweza kumleta mgeni peke yake. Vikishikana, vinaweza. Hiyo ndiyo klasta, hayo mengine ni mapambo.

Bosi wangu wa kwanza, Mzee Makokha, Mungu amrehemu, hakujua neno klasta. Yeye alikuwa na sheria moja: usiuze kitanda hujakilalia. Nilikuwa mgeni kazini nikamsifia nyumba fulani ya wageni pale Busia, ina mapazia mapya, ina sabuni ndogondogo. Akaniuliza, "Umelala huko?" Nikamwambia nimekagua. "Kukagua si kulala, mama. Nenda ulale." Nikaenda. Kumbe chini ya dirisha ndiko matrela yanarudi nyuma, pii, pii, pii mpaka kunakucha, na ukuta wa kichwani umepakana na spika ya baa. Nilitoka hapo macho mekundu, mwenye nyumba ananiuliza, "Madam, umeonaje?" Nikamwambia nimeona yote, maana sikuyafumba.

Mzee huyo pia ndiye aliyenifundisha kwamba mgeni haamui gari lisimame wapi. Anayeamua ni dereva. Mpe dereva ugali wa moto, mahali pa kuegesha penye kivuli na choo ambacho hakimtii aibu, na mgeni atajikuta amesimama hapo na atadhani amechagua mwenyewe. Hilo andikeni.

Basi. Kulikuwa na mama mmoja, Mama Amoit, kutoka upande wa Amukura, mjane, mwenyekiti wa kundi la akina mama. Hao akina mama walijenga nyumba nne za msonge kwa mikono yao, kuta zimepakwa udongo wa rangi tatu, ndani vitanda vizuri kabisa. Nililala huko, nikalala kama mtoto. Lakini maji walibeba kichwani kutoka mtoni, na barabara mvua ikinyesha ilikuwa ni kuteleza tu. Kiwanja kilikuwa cha Mama Amoit, tena ndicho alichokuwa amemwekea kitinda mimba wake, Emojong', ajenge boma lake. Emojong' alikubali kungoja, lakini kwa shingo upande. Alimwambia mama yake mbele yangu, "Mama, nakupa nafasi. Wageni wasipokuja, hizi nyumba nabomoa. Na mimi nataka kuoa." Mama Amoit alifagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Kwa hivyo mpango ulikuwa huu. Ofisi yetu ilete bomba la maji na moramu ya barabara. Bwana Wafula, mwenye hoteli ya ghorofa pale Malaba, alete vyakula, matangazo, na wageni wake wa mikutano. Akina mama walete nyumba na utamaduni. Na upande wa Uganda kulikuwa na chama cha waongoza watalii, mwenyekiti wao anaitwa Okisai, Mteso kama hawa wa kwetu, mwenye mabasi mawili madogo. Huyo ndiye angevusha wageni. Bila yeye, miduara mingine yote ilikuwa inazunguka bure.

Kosa lilianzia kwa mshauri. Ofisi ilileta mshauri kutoka mbali, kijana msafi, na akatutungia jina la klasta nzima: Chungu Kimoja. Tulipiga makofi! Nani asingepiga? Mnajua Wateso wanavyokunywa ile pombe ya wimbi: chungu katikati, watu wameketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Picha nzuri kuliko hiyo utaipata wapi? Serikali, mwekezaji, Kenya, Uganda, wote mirija kwenye chungu kimoja. Bango likachapishwa kubwa kama ukuta. Siku ya kutia sahihi, uani kwa Mama Amoit, wakuu wote waketi chunguni wapigwe picha.

Sasa, kile chungu kina adabu zake. Hushiki mrija kwa mkono wa kushoto. Hupulizi. Huchungulii ndani. Na kabla ya yote hayo, watu husalimiana kwanza, salamu ndefu, wewe ni wa nani, mama yako alitoka wapi, dada yako ameolewa wapi. Mgeni huona ni maneno mengi tu. Lakini hapo ndipo wanajua nani aketi na nani. Mtu wa itifaki alipoona ratiba akasema, "Salamu zitakula saa nzima, mheshimiwa ana mkutano mwingine Busia. Tukae kwanza, picha ipigwe, salamu baadaye." Hata akina mama wenyewe hawakupinga. Walikuwa wanalitaka lile bomba, mwaka wa fedha ulikuwa unafungwa wiki hiyo, na tusiposaini hela za maji zingehamishiwa kwingine.

Tukaketi. Mama Amoit amevaa leso mpya, Okisai amekaa karibu naye kabisa, magoti karibu yaguse, kwa sababu mpiga picha alitaka Kenya na Uganda wawe pamoja. Hao wawili walikuwa hawajawahi kuonana. Kila upande ulifanya mikutano yake na sisi tulipeleka habari. Mirija ikaingia chunguni. Picha ikapigwa. Mama Amoit akafurahi, akaanza kujitambulisha kwa Kiswahili ili sote tusikie.

"Mimi ni Amoit, binti ya mzee Emase wa Amukura. Hata huko Uganda mimi si mgeni. Dada yangu mdogo, Asere, ameolewa Tororo."

Nikaona mkono wa Okisai umesimama. Akauliza polepole bila kumwangalia, "Asere yupi? Huyu wa karibu na reli?"

"Huyo huyo! Unamjua?"

Okisai aliachia mrija, akavuta kofia ikamfunika uso, akainuka akaondoka. Hakuaga. Alipita katikati ya mihogo akaenda. Mama Amoit alikaa kidogo, kisha nikaona imemwingia. Alivuta leso kichwani, akageukia ukuta, akasema kwa sauti ndogo, "Uwi! Ni mume wa Akisa."

Akisa ni binti wa Asere. Na kwa Wateso, mama mkubwa ni mama. Okisai alikuwa ameketi goti kwa goti na mama mkwe wake, wakinywa chungu kimoja, mbele ya watu na kamera. Kwetu Samia pia ni hivyo, mkwe akimwona mama mkwe njiani mmoja anaingia majanini. Nilijua kilichotokea, na nilijua kwamba nusu ya waliokuwa pale hawakujua.

Bwana Wafula akaruka juu. "Mnaona? Huyu Mganda anataka shea kubwa! Anatutishia!"

Mkubwa wetu akaangalia saa. "Madam Nabwire, tusaini bila yeye."

"Bila yeye hakuna wageni, boss."

"Basi mrudishe. Una mpaka saa nane."

Wueh! Nilichukua boda nikamwambia kijana, "Kimbiza." Tukapita matrela yamepangana, vumbi mpaka kwenye meno, naangalia kila kibanda cha chai. Nilikuwa na hasira, nataka kulia, na nilikuwa namwona Emojong' na jembe lake. Okisai nilimkuta karibu na mpaka, amekaa na kikombe cha chai ya rangi, hanywi.

"Mzee, rudi," nikamwambia hata kabla sijashuka vizuri.

"Madam, mimi sikatai kazi. Lakini unaniambia nirudi nikakae wapi? Mrija wangu umeingia mahali wake uko. Nikifika nyumbani nitamwambia nini Akisa?"

"Haikuwa kosa lako."

"Aibu haiulizi kosa ni la nani."

Nikaona hapo sitamsukuma. Nikamuuliza, "Kwenu mambo yakienda hivi, mtu anafanya nini?"

Alifikiria. "Anapeleka mbuzi. Si yeye mwenyewe, anatuma mtu. Mama akipokea, yameisha."

"Twende tununue mbuzi."

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Leo?"

"Leo, mzee! Mwaka wa fedha unafungwa!"

Hapo alicheka, na mimi nikajua tumepona kidogo. Nilimpigia dereva wa ofisi, tukakimbia mpaka sokoni Amukura, Okisai akachagua jike jeupe ambalo halikutaka kutoka sokoni. Sasa fikirieni gari la serikali, kiti cha nyuma nimekaa mimi na mbuzi, mbuzi anatafuna mkanda wa usalama, dereva analalamika, "Madam, nitaandika nini kwenye ripoti ya safari?" Nikamwambia aandike mdau.

Tulifika mheshimiwa yuko katikati ya hotuba na mbuzi akamjibu kila sentensi. Nilimpitisha nyuma ya jukwaa, nikamwingiza nyumbani kwa Mama Amoit. Alikuwa ameketi gizani, leso bado usoni. "Mkwe wako ametuma hii," nikamwambia. Alimshika mbuzi masikio, akampapasa mgongo muda mrefu. Kisha akasema, "Ni mkwe mwenye adabu. Mwambie nimepokea. Na mwambie vyungu viwe viwili."

Ikawa hivyo. Mkataba ulisainiwa kwa mguu: Okisai alisaini nyuma ya nyumba, juu ya boneti ya gari, mimi nikachukua zile karatasi nikazunguka mbio, Mama Amoit akasaini ndani. Vyungu viwili, kimoja uani, kimoja nyuma ya ukuta. Na bango linapepea juu yetu sote, Chungu Kimoja. Mshauri aliniuliza kama tungeweza kupiga picha upya. Nilimpa mgongo, nisije nikamtukana mtoto wa wenyewe.

Sasa mnadhani hadithi imeisha, mnaanza kufunga mabegi. Ngojeni.

Maji yalikuja. Moramu ikamwagwa. Wageni walianza kuja, na huyo Okisai akija na basi husimama nje ya ua, chini kule kwa lango, na Mama Amoit huingia ndani mpaka aondoke. Wageni walipenda sana, walikuwa wakiuliza mbona mama amejificha, na kueleza hilo tu kulikuwa ni burudani ya jioni nzima. Kisha Bwana Wafula akafanya hesabu zake. Akaona kwa nini mgeni ateremke kilomita zote zile, wakati yeye ana uwanja nyuma ya hoteli? Akajenga msonge wake wa saruji, akaajiri vijana wa kupiga adeudeu, akaweka chungu kimoja kikubwa, yeyote anakaa na yeyote. Akawaambia waongoza watalii barabara ya Amukura imeharibika. Haikuwa imeharibika!

Mimi nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu. Nilienda kwa mwanasheria wetu, nikaenda kwa mkubwa, nikarudi kwa mwanasheria. Mkataba ulisema wageni watalazwa "Malaba na viunga vyake," na hoteli iko Malaba. "Hajavunja chochote, madam," mwanasheria akaniambia. Nilimwendea Wafula mwenyewe. "Madam, biashara ni biashara. Wewe unalipwa na serikali, mimi nalipwa na mgeni." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, ndiyo maana iliniuma zaidi. Ndipo nilipojua tuliwafunga watu watatu kwa karatasi na hatukuuliza kila mmoja anaogopa kumwangusha nani.

Nikampigia Okisai. Alinijibu kwa mkato, "Madam, haya si mambo ya simu," akakata. Nikasema basi, naye amenunuliwa. Wafula alikuwa anawapa madereva chakula na kivuli, mambo niliyomfundisha mimi mwenyewe kwenye semina. Nilitembea ofisini nikaenda na kurudi mpaka wenzangu wakaniomba nitoke nje.

Msimu mzima nyumba za Mama Amoit zilikaa tupu. Mchwa wakaanza kupanda ukutani. Siku moja akanipigia, "Nabwire, njoo. Emojong' amekuja." Nikaenda. Nilimkuta Emojong' anapima kwa kamba, ameshachomeka vijiti. Hakuwa mtoto mbaya, mwelewe hilo. Alikuwa amengoja na mchumba wake alikuwa amechoka kungoja. Aliniamkia kwa heshima. "Shikamoo, madam. Naanza na hii ya mwisho, hizi zingine mama abaki nazo kwanza." Mama Amoit alikuwa amesimama mlangoni mwa hiyo ya mwisho, mikono kifuani, ametazama chini.

Hapo ndipo tukasikia injini. Si boda, si trekta. Emojong' akasimama na kamba mkononi. Mama Amoit akainua kichwa, akasikiliza, akasikiliza tena, halafu nikamwona yule mama mzima anakimbia, leso inadondoka, akaingia jikoni akafunga mlango.

Basi la kwanza likasimama langoni. La pili nyuma yake. Yote yamejaa wageni wenye kofia na kamera. Okisai alishuka akasimama mbali, mgongo ameupa nyumba.

"Mzee! Nilidhani uko kwa Wafula."

"Ameniita kila wiki. Hata jana. Ameniwekea mpaka chumba." Alikuwa anakuna ndevu, ameudhika kuulizwa. "Sasa madam, mimi nimnyime mama mkwe chakula, halafu nirudi nimwangalie Akisa na macho gani? Nilikuwa natafuta wageni wa kutosha, si ndiyo maana nimekaa kimya. Nije na watu wawili, watatu, nimwaibishe tena?"

Nilishindwa kujizuia, nikalia pale pale barabarani na wageni wananipiga picha. Emojong' alikuwa anang'oa vijiti vyake kimyakimya, kimoja kimoja. Kisha akaenda kubeba mabegi.

Nikagonga jikoni. "Mama, fungua, ni mimi."

"Amefika?" Sijui ilikuwa sauti ya kicheko au ya kilio.

"Amefika. Ameleta mabasi mawili, yamejaa."

Nikasikia sufuria linashushwa, kuni zinavunjwa.

"Mwambie asiingie," Mama Amoit akasema. "Na mwambie asithubutu kuondoka kabla hajala."